Marobota ya Getruda

Kijiwe cha Mihayo kipo Butimba, karibu na ziwa, pembeni ya barabara: benchi mbili na birika la kahawa juu ya jiko la mkaa. Mchana huo Malimi, fundi viatu, alikuwa ameketi pale na kikombe kimepoa mkononi. Mbele ya kibanda chake, hatua chache kutoka hapo, yalisimama marobota ya pamba ya kioo, ile inayotandazwa juu ya dari kuzuia joto la bati. Ramesh, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini, alimpa bure, mabaki ya ghala lake, aliposikia habari za Getruda. Getruda ni mke wa Malimi. Amepooza upande mmoja. Mchana kutwa yuko kitandani chini ya bati, na jua likikolea huwa anazimia. Fundi wa kuifunga pamba alikuwa Ukerewe msibani. Kumsubiri hakukuwa tabu. Tabu ilikuwa mahali pa kuyaweka, maana nyumbani kwa Malimi na kibandani hata pa kuweka ndoo hapakuwepo.

— Ramesh kanisisitizia, alisema. Yakae pakavu, yasiguse sakafu, yasibebeshwe kitu. Yakilowa au yakibonyea, joto linapita kama kawaida.

— Ramesh anauza, hajengi, alisema Antoni, wanayemwita Zege kwa kuwa maisha yake yote amemwaga zege. Kitu cha ujenzi kinataka maji. Yamwagilie asubuhi na jioni.

— Zege, hiyo ni pamba!

— Pamba ya kioo. Dirisha lako likinyeshewa linaoza?

Yeremia akakohoa. Huyu wanamwita Profesa kwa sababu hajawahi kukosa jibu.

— Hii kitu inakula joto, sawa? Sasa ukiiacha juani, itashiba. Ikifika darini haina tena hamu na joto la shemeji. Ianikwe usiku, inywe baridi.

— Kwa hiyo ni kama betri? aliuliza Mihayo, akimimina.

— Betri ya baridi! Tena ningekuwa mimi, ningeyafunga kamba nikayazamisha ziwani.

— Si ndiyo maji hayo hayo niliyosema mimi?

— Wewe umesema ya bomba!

Wakacheka mpaka benchi ikayumba. Malimi naye alicheka, lakini macho yake yalikuwa upande wa ziwa, ambako wingu jeusi lilikuwa linapanda.

Winnie, mwanachuo anayepanga jirani, akafika kuchukua viatu vyake.

— Shikamooni.

— Marahaba, binti.

Akayatazama marobota, akalitazama wingu.

— Mvua ile ikifika, haya mnayaingiza wapi?

Zege akatazama chini. Profesa akageuzageuza kikombe. Upepo ukaanza kupeperusha majivu ya jiko.

— Chumba cha Suzana, alisema Yeremia kwa sauti ndogo.

Suzana alikuwa mke wake, na tangu amzike, chumba alichougulia kilikuwa kimefungwa. Hata Mihayo, jirani yake ukuta kwa ukuta, hakuwahi kukiona wazi.

— Si lazima, ndugu yangu, alisema Malimi.

— Hakivuji. Inukeni.

Wakabeba. Mihayo aliliacha jiko lake peke yake, Winnie akashika mlango, na Zege alikumbatia robota lake kama anayebeba mgonjwa. Yeremia aliondoa godoro, marobota yakapangwa juu ya chaga za kitanda, mbali na sakafu. Zege alipotaka kuweka sanduku la nguo za marehemu juu ya marobota, Yeremia akalipokea.

— Yasibebeshwe kitu. Hukusikia?

La mwisho lilipoingia, mvua ikashuka.

— Sasa nani atayamwagilia? aliuliza Zege.

— Toka nje!

Fundi aliporudi aliyakuta makavu, hayajabonyea. Akayafunga. Kesho yake Malimi alifika kijiweni jua likiwa utosini, akasimama mbele ya Yeremia.

— Getruda kalala, Profesa. Mchana huu, usingizi wa kweli. Kaamka ananiuliza, leo kuna mawingu?

— Nawe ukasemaje?

— Nililia. Asante, ndugu yangu. Asanteni nyote. Ramesh nimemfuata mpaka dukani, ila ninyi sijui niwashukuruje.

Yeremia akajikuna mkono.

— Mimi ndiye wa kushukuru. Mlipoyatoa niliingia kufagia, nikafungua dirisha. Nikakaa mle mpaka jioni. Nilidhani nitashindwa, kumbe naweza. Sijakifunga tena.

Malimi alimshika mkono, akaketi karibu yake. Mihayo akainamisha birika juu ya kikombe. Yakatoka mashapo ya kahawa tu.

— Imekwisha, jamani.

Hakuna aliyeinuka.