Fundi Aliyekubali Kushika Fimbo Upya

Tarehe 30 Juni 1998, Fundi Mkuu Amedeus Kasike anakabidhi funguo za karakana yetu ya barabara hapa Mpanda, baada ya miaka thelathini na mmoja kazini. Ametuomba tusimsifu sana. Ombi lake tumelipokea, na tumelikataa.

Alikuja kutoka Mpimbwe mwaka 1967, kijana wa jembe na mpunga, akaanza kwa kuosha vipuri. Kufikia 1985 alikuwa fundi mkuu. Greda lililowashinda wengine, yeye alilisikiliza tu likinguruma, akataja ugonjwa wake. Lakini wengi wetu tutamkumbuka kwa gofu.

Nyuma ya karakana kuna vishimo vinne vya gofu na fimbo chache, vilivyoachwa na wahandisi wageni mkataba wao ulipoisha. Mwaka 1988 Fundi Amedeus alijiteua kuwa mwalimu. Akatufundisha kushika fimbo kama jembe: mikono imeachana shubiri nzima, viganja vimebana kweli kweli. Loo! Tulipiga ardhi kuliko mpira. Mama Romana wa kantini alikuwa akituuliza msimu huu tunapanda nini. Hakuna aliyethubutu kumwambia mwalimu kwamba kuna kasoro, wala yeye hakuuliza. Karakana yetu siku zile ilikuwa hivyo: kosa lilikuwa la spea, au la mtu aliye likizo.

Machi 1994 akaja mkaguzi wa mitambo kutoka Tabora, Bibi Helena. Jumamosi jioni aliomba fimbo. Akaikutanisha mikono, kidole cha mwisho cha kulia kikalala juu ya kidole cha shahada cha kushoto, akaishika fimbo kwa vidole tu, bila kukaza. Mpira ukavuka ua, ukatua kwenye majaruba ya mpunga ya jirani. Jumapili, baada ya misa, tulimwona Fundi Amedeus peke yake kule nyuma akijaribu.

Jumatatu asubuhi, wakati wa kupangiana kazi, alisimama mbele ya watu thelathini, fimbo mkononi, akatangaza kwamba kwa miaka sita ametufundisha vibaya, kwamba yule mama ndiye aliyemfungua macho, na kwamba yeye anaanza upya, atakayependa amfuate. Tuliangaliana. Jamani, bosi kusema amekosea! Neno hilo lilikuwa halijawahi kusikika mahali pale.

Jumamosi iliyofuata, lori letu lilikuwa getini, injini inanguruma, limebeba wafanyakazi na familia, watu ishirini na watatu, kwenda harusini Sibwesa. Gaudensi, fundi wa matairi, akamkimbilia Fundi Amedeus na kukiri: nati za gurudumu la nyuma alizifunga kwa mkono tu, akaitwa chai, akasahau kuzikaza, kisha akaandika kwamba lori liko tayari. Wiki moja kabla angenyamaza, amesema mwenyewe. Fundi alilizuia lori, akachukua spana, wakazikaza wote wawili. Mbili kati ya hizo walizikuta zinazunguka kwa kusukumwa na kidole. Hakumfokea. Alimshukuru mbele yetu sote, akaongeza tu kwamba kutenda kosa si kosa, kosa kurudia kosa.

Mimi mtunza stoo ninayeandika haya nilikuwa juu ya lori hilo, pamoja na mke wangu Eufrazia na binti yetu Faith, mwenye miezi mitatu, mgongoni mwa mama yake. Mpaka leo nikipita kona za njia ya Sibwesa moyo hunidunda. Asante, Fundi. Asante sana, baba yetu.

Na gofu yenyewe? Ukweli usemwe: fimbo anaishika vizuri, lakini mpira wake bado unakwenda kulia.

Nenda Mpimbwe salama, Mzee Amedeus. Mpunga ukustawie, magoti yakupe nafuu, wajukuu wasikupe nafasi ya kutukumbuka sana. Zawadi yetu ni fimbo mpya, na atakayekukabidhi ni Faith, ambaye sasa ana miaka minne. Tumemfundisha namna ya kuishika. Akikosea, atakwambia mwenyewe.