Dirisha la Mama Mbio

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni redio karibu. Mwenye watoto wadogo ndani awatume dukani kwanza, maana leo tutataja mambo ya chini ya kitovu. Tunamkumbuka Mama Mbio, mpimaji wa maabara katika zahanati yetu. Alifariki wiki iliyopita, tukamzika juzi. Alibebwa polepole hadi makaburini, na nadhani ndiyo mara ya kwanza kufika mahali bila kuhema.

Jina hilo hakupewa na wazazi. Alipewa na foleni. Mwanamke mnene, koti jeupe, ndara miguuni, anachomoka mlango wa nyuma, anazunguka ghala, anakata kona ya choo, anapita mbele ya benchi la wagonjwa na kuingia chumba cha uchunguzi. Kisha anarudi njia ile ile, mbio, mkono mmoja umebana kwapani. Wagonjwa walikuwa wanainua miguu apite.

Kwapani alibana nini? Kichupa. Ndani ya kichupa, kijiti chenye pamba na maji ya chumvi kidogo. Na ndani ya maji hayo, pengine, mdudu.

Mdudu huyu anaitwa trikomona. Ni mdogo, haonekani kwa macho, na watu wanaambukizana kwa kujamiiana. Mwanamke anapata uchafu, muwasho na harufu. Mwanamume mara nyingi hasikii kitu, anatembea naye tu mjini kama mtu aliyebandikwa karatasi mgongoni. Chini ya hadubini mpimaji anamtambua kwa sababu anaogelea. Akiwa bado na joto la mwili, anaogelea. Akipoa anatulia, na akitulia huwezi kumtenganisha na chembe nyingine. Nirudie, wapendwa: akipoa, majibu yanasema hakuna. Na kumbe yumo.

Sasa sikieni kichekesho. Chumba cha uchunguzi na maabara vinapakana. Ukuta ni mmoja. Muuguzi akipiga chafya huku, Mama Mbio anamwambia pole kule. Lakini mlango wa huyu unatazama mbele na wa yule unatazama nyuma. Kwa hiyo muuguzi alikuwa anaweka sampuli kwenye sinia, na sinia likijaa mhudumu analizungusha. Linajaa saa ngapi? Likijaa. Na mhudumu akimaliza chai.

Halafu ikaja friji. Ilizinduliwa kwa hotuba na utepe. Muuguzi, mtu safi na mwenye nia njema, akaona sampuli zikae humo zisiharibike. Mama Mbio akaifungua, akakuta vijiti vimelala kwenye baridi.

"Dada, hawa si samaki," alimwambia. "Samaki ukimweka humu unamhifadhi. Huyu mdudu ukimweka humu anapoa, halafu mnaniuliza mbona haogelei."

"Mbona damu tunaiweka?"

"Damu haiogelei, dada."

Akaenda kwa mkuu wa zahanati kuomba dirisha. Tundu tu ukutani, la kupitisha mkono, sampuli itoke kwa muuguzi ifike kwake ingali na joto. Mkuu akasema, "Tutaliangalia." Akahamishwa, akaja mwingine: "Liko kwenye mpango." Wa tatu alikuwa mpole zaidi. Alimkalisha kwenye kiti akamweleza kuwa ule ukuta unabeba paa.

"Na miguu hii inanibeba mimi," Mama Mbio akajibu, "ila imeanza kukataa."

Miguu ilianzaje kukimbia? Ilianza kwa mtoto wa dada yake. Binti huyu aliolewa na fundi cherehani. Alikuwa anaumwa, anapima, anaambiwa hakuna, anapewa dawa za kubahatisha, anarudi. Mwisho fundi akachoka. Binti mwenyewe amenisimulia:

"Mume wangu alisema, anayepima ni mama yako mdogo, na amesema huna kitu. Basi huo ni uchafu wako tu, rudi kwenu ukajifunze kuoga. Nilikuwa nimeshafunga nguo. Nikaenda kwa mama mdogo nikamwuliza, majibu haya si umetoa wewe?"

Ndiyo, alikuwa ametoa yeye. Sinia lilifika limepoa, akatazama, hakuona, akaandika hakuna. Binti anasema mama mdogo alimwambia, "Usifungue mzigo, usiende nao popote. Kesho njoo na huyo fundi wako."

Kesho yake walipatana na muuguzi. Muuguzi akachukua sampuli, akavua kiatu, akagonga ukuta kwa kisigino. Upande wa pili Mama Mbio akatoka mbio. Kichupa kwapani, ghala, choo, benchi, akarudi, tone moja kwenye kioo. Akamwita fundi achungulie.

"Kuna kitu kinahangaika," fundi akasema.

"Huyo ni wa mkeo. Wako hatujamtafuta."

"Mama, mimi siumwi popote."

"Sindano ukiisahau kwenye suruali ya mteja, suruali inalalamika? Anayelia ni mvaaji. Nenda kwa muuguzi, mwanangu."

Walimeza dawa wote wawili, siku moja. Mzigo ukafunguliwa. Binti alipona.

Tangu hapo Mama Mbio alimkimbilia kila mwanamke. Kisigino kikigonga, anatoka, mvua au jua. Wakuu wakamsifu, wakampa cheti cha mfanyakazi hodari. Aliomba dirisha, akapewa cheti.

Magoti yalipomshinda alistaafu. Mpimaji aliyepo sasa ni kijana mzuri, ila hakimbii. Na kwa nini akimbie? Ameajiriwa kupima. Sinia limerudi. Friji inanguruma. Na nasikia zahanati inapongezwa, eti ugonjwa umepungua sana.

Muuguzi alikwenda kumwona siku za mwisho. Anasema, "Hakuniuliza habari za nyumbani. Aliniuliza, wametoboa? Nikaona aibu, nikamwambia wako mbioni. Akacheka mpaka akakohoa. Akasema, mbioni nilikuwa mimi."

Jana nilipita pale zahanati. Wametundika picha yake, kubwa, ya fremu, katika chumba cha uchunguzi. Fundi wa ujenzi aliitwa asubuhi, adhuhuri kazi imekwisha. Alitoboa matundu manne. Kwenye ukuta ule ule, wapendwa. Ule unaobeba paa.

Kwa mumewe, kwa watoto, kwa binti wa dada yake na fundi wake, poleni sana. Tumelia pamoja nanyi. Nawe unayesikiliza, ukienda kupima uliza sampuli yako inakaa wapi kabla ya kutazamwa. Ukiambiwa hakuna na bado unaumwa, rudi. Tena usirudi peke yako, mshike mwenzako mkono, hata kama anasema haumwi popote.

Na nyie wakuu, najua redio mnasikiliza, maana mkisifiwa huwa mnapiga simu. Ishusheni ile picha. Toboeni pale pale, upana wa mkono. Mkimaliza, mtundikeni juu ya dirisha, awatazame mnavyopokezana vichupa.