Leo Zimefika Ngapi?

FUNDI: Haloo? Nani mwenzangu? Subiri nizime msumeno... Haya, sema.

DADA: Ni mimi, dada yako. Simu yangu imezima, hii nimeazima kwa muuguzi.

FUNDI: Shikamoo dada.

DADA: Marahaba. Nyonga je?

FUNDI: Inanibana nikiinama kupiga randa tu. Wateja wananiita babu siku hizi. Kitinda mimba wetu huko hospitali anaendeleaje? Chembe nyeupe za damu yake leo zimefika ngapi?

DADA: Mia sita. Zinapanda, mambo si mabaya—

FUNDI: Ngoja, dada. Niko hapa mlangoni kwa karakana na penseli yangu. Juzi ulinipa mia saba. Jana mia nane.

DADA: Basi nimechanganya. Sijalala siku mbili, mwenzio—

FUNDI: Nimeandika zote hapa mlangoni tangu siku waliyonitoboa nyonga wakachota uboho wa kumpa. Hazijawahi kushuka.

DADA: [mtandao unakwaruza] ...endelea na kazi, nitakupigia bada—

FUNDI: Dada. Nipe ya kweli.

DADA: Sifuri.

FUNDI: Leo?

DADA: Leo, jana, juzi. Hazikupanda hata siku moja. Ule uboho umekataa kushika kwenye mifupa yake. Wake waliuua kwa dawa ili kuupisha wako, sasa hana wa kumtengenezea damu. Anaishi kwa damu ya mifuko.

FUNDI: Mbona wangu umerudi? Wiki iliyopita walinipima, wakasema mifupa imeshajaza pengo, inatengeneza damu kama zamani. Kwangu umerudi, kwake—

DADA: Ndiyo maana tulikuficha.

FUNDI: Tulikuficha? Wewe na nani?

DADA: Na yeye mwenyewe. Kila asubuhi ndiye anayenitajia namba ya kukupa. Alisema, kaka akijua atadhani amenipa kitu kibovu. Leo homa imemzidi, hakutaja. Nikabuni mwenyewe, nikaharibu.

FUNDI: Wachote tena. Nyonga ya pili ipo.

DADA: Niliwauliza. Wanasema mwili wake hauna tena nguvu ya kungoja. Njoo, mdogo wangu. Njoo leo.

FUNDI: Nakuja.

DADA: Ameamka, anaomba simu. Nakusihi, usimwonyeshe kama unajua.

FUNDI: Mpe.

KITINDA: Kaka... shikamoo.

FUNDI: Marahaba, kitinda wangu.

KITINDA: Umeshaandika... ya leo?

FUNDI: Ndiyo naandika hapa. Elfu moja.

KITINDA: Dada kakwambia... elfu?

FUNDI: Elfu kamili. Mlango unakaribia kujaa, itabidi nihamie ukutani.

KITINDA: [anakohoa] Umeona, kaka? Nilisema mimi. Uboho wako... mzuri.

FUNDI: Eeh. Mzuri.

KITINDA: Mbona sauti yako—

FUNDI: Vumbi la mbao hili. Sikiliza, nafunga karakana, nakuja kukuona.

KITINDA: Maliza kwanza kazi za watu...

FUNDI: Zitangoja. Wewe nisubiri. Umesikia? Unisubiri.

KITINDA: Vocha ya watu inaisha, kaka. Acha nafasi hapo mlangoni... kesho zitapanda te—

FUNDI: Haloo? Kitinda? Nimeacha nafasi. Haloo?