Sura Moja, Wanasayansi Watatu

Benchi la kahawa, kando ya meza ya fundi viatu, lina miguu mitatu na tofali moja, lakini linabeba maneno ambayo hata lori lingegoma. Asubuhi hiyo Brashi alikalia upande wa tofali. Huyu ndiye mchora mabango. Kila kichwa kilichonyolewa vizuri kwenye milango ya vinyozi wa mtaa ule kilitoka mkononi mwake. Kahawa yake ilikuwa imepoa kikombeni. Mlinzi wa shule ya chekechea alikuwa amepita na ujumbe: mwalimu mkuu kauona ukuta, na saa nne anakuja mwenyewe. Kauona akafurahi au kauona akanuna, mlinzi hakusema.

— Kwani umechora nini huko, bwana wee? — aliuliza Wakili. Huyo ndiye fundi viatu. Uwakili kapewa kwa ajili ya mdomo, mahakamani hajafika hata kama shahidi.

— Wanawake watatu, — Brashi alijibu. — Weusi kama sisi. Mmoja alipiga hesabu za njia ya vyombo vya angani. Wa pili daktari wa macho. Wa tatu mkemia, huyo alishughulikia dawa ya ukoma. Mwalimu anataka watoto wawaone kila siku wangali wadogo, wasije wakakua wakidhani sayansi ina wenyewe.

— Jambo jema hilo. Sasa unatetemeka nini?

— Wote watatu wana sura moja.

Injinia, fundi wa redio, alipaliwa na kahawa.

— Sura ya nani?

Brashi aliangalia birika, na nyuma ya birika alikuwa amekaa dada yake wa tumbo moja, anapepea makaa. Mtaa mzima unamwita Dada Mkubwa, hata waliomzidi umri.

— Toba! — alisema Injinia.

Kipepeo cha Dada kikasimama hewani.

— Mimi?

Ikabidi Brashi aeleze. Mwalimu alimpa karatasi yenye picha tatu, akamwambia mara mbili aitunze. Naye akaitunza, chini ya kopo la thina, ile ya kuzimulia rangi. Kumbe kopo linavuja, na thina haijui daktari wala mkemia. Kulipokucha karatasi ilikuwa nyeupe kama sahani iliyooshwa. Mwalimu kasafiri, shule inafunguliwa Jumatatu, ukuta unasubiri. Brashi akafumba macho atafute sura ya mwanamke mwenye akili. Ikamjia moja tu. Akaichora mara tatu: ya kwanza na penseli, ya pili na miwani, ya tatu na chupa ya maabara.

— Na hukuniambia!

— Ningekuambia nini, dada? Kwamba nimekupeleka angani bila ruhusa?

— Kesi nyepesi hii, — Wakili alidakia. — Mwambie mwalimu ni mapacha. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Sura ni haba, ukuta umejaa.

— Methali hiyo haihusu hata kidogo, — alisema Dada Mkubwa.

— Methali ni kama kiatu, ukikivuta kinaingia.

— Mapacha watakataliwa, — alisema Injinia. — Tumpe sababu ya kitaalamu. Mtu akipiga hesabu nyingi, ubongo unavuta ngozi ya uso. Mwishowe wapiga hesabu wote wanafanana. Imethibitishwa.

— Na nani? — aliuliza Wakili.

— Na mimi.

— Wewe unahesabu nyaya kila siku, mbona hufanani na yeyote?

— Mimi niko hatua ya kwanza.

— Basi tuushtaki ukuta! — Wakili alipandisha sauti. — Ukuta una unyevu. Unyevu unavuta rangi, rangi zinavuta sura, sura zinakutana katikati. Mficha uchi hazai!

— Ukuta nao unazaa? — aliuliza Injinia.

— Una watoto sitini! Chekechea nzima!

Walicheka mpaka benchi likayumba kwenye tofali lake. Brashi hakucheka. Kufokewa alishazoea. Miaka ishirini amechora vichwa vya kinyozi, na hakuna aliyewahi kujifunza kitu kutoka kwenye kichwa cha kinyozi. Ukuta huu ulikuwa wa kwanza ambao mtoto angeutazama akauamini, naye kaujaza uongo. Na mwalimu akisema futa, itabidi ampake chokaa dada yake usoni, watoto wakitazama.

— Nakwenda kufuta sasa hivi, — alisema akainuka.

— Keti, — alisema Dada Mkubwa, akamwaga ile kahawa baridi na kumjazia ya moto. — Wewe ukikimbia, nani atazungumza? Hawa?

Mwalimu mkuu akatokea, mwanamke mwenye mwendo wa haraka, bahasha ya plastiki kwapani, amemshika mkono mtoto wa kike wa miaka mitano hivi, soksi moja juu moja chini.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone! — Wakili alisimama. — Mwalimu, kabla hujasema lolote, mteja wangu...

— Wakili, nyamaza, — alisema Brashi. — Mwalimu, karatasi yako niliiharibu. Sura zao sikuwa nazo, nikachora ya dada yangu. Kosa ni langu. Nitafuta leo hii hii.

Mwalimu alimtazama yeye, akamtazama Dada Mkubwa, akaanza kucheka hata akaketi mwenyewe benchini.

— Nimejua tangu asubuhi. Nimefika getini nikasikia watoto wanauamkia ukuta. "Shikamoo, mama wa kahawa!" Kwa foleni! Na huyu hapa, muhula mzima uliopita, tukifika kwenye namba alikuwa anajificha chini ya meza. Leo nimemkuta mbele ya yule mwenye penseli, anamhesabia vidole. Nikamuuliza, kulikoni? Akasema huyu namjua, simwogopi.

Akampa Brashi bahasha.

— Picha nyingine. Safari hii zina plastiki. Daktari na mkemia uwape sura zao, ni haki yao. Wa hesabu za angani mchore upya pale pembeni, kwa sura yake naye. Lakini mama wa kahawa na penseli yake usimguse. Ukimfuta, huyu anarudi chini ya meza.

Brashi alishusha pumzi ndefu mno. Alijisikia kama mtu aliyetuliwa gunia kichwani. Akainywa kahawa yote kwa mkupuo, ikamuunguza ulimi, wala hakujali.

Mtoto akasogea kwenye birika.

— Shikamoo.

— Marahaba, mwanangu.

— Wewe uligundua nini?

Wakili alivuta kiatu cha mtu, akaanza kukikagua. Injinia alichungulia ndani ya kikombe chake.

— Mimi nachemsha kahawa tu, mwanangu, — alisema Dada Mkubwa, na sauti yake haikuwa ya kawaida.

Brashi jibu alikuwa nalo, tangu utotoni. Siku moja alikuwa analia kwa sababu picha ya kwenye kiberiti haikubali kuwa kubwa ukutani. Dada yake, wakati huo wa kwanza darasani kwa hesabu, kabla hajaacha shule kumlea yeye, akapiga mistari ya visanduku kwenye ile picha, akapiga mikubwa ukutani: hapa kisanduku kimoja, kule kisanduku kimoja, zidisha tu. Mabango yote ya mtaa yalitoka pale. Asante hakuwahi kuisema.

— Muulize, — alimwambia mtoto, — muulize picha ndogo kama ya kiberiti inakuaje kubwa kama ukuta. Mimi alinifundisha yeye.

Dada Mkubwa alimtazama mdogo wake, akafuta macho kwa kanga, akasingizia moshi. Kisha akasukuma vikombe pembeni, akaokota kaa lililozimika, akachora mstari juu ya benchi, na mwingine wa kuukata.

— Njoo hapa. Hesabu visanduku.

— Kimoja... viwili...

— Dada, — Wakili alinyoosha kikombe, — niongezee.

— Imekwisha, — alijibu bila kuinua kichwa, na birika bado zito juu ya makaa. — Endelea, mwanangu.

— Vitatu.