Kasiksi Yenye Balimwanga mu Nyumba Yangu

Mukaribie, batoto bangu, mukae chini bote batatu, na weye Christa uweke ule mutungi wa maji karibu na mukono yangu, juu miye Kahongya, baba yenu, niko na maneno mingi na pumzi kidogo, na sitaki mutu anikatize mbele ya kumaliza. Jéthro, funga radio. Éliakim, usisimame kule ku mulango kama mugeni, njoo fasi naweza kukuona, juu mingi ya haya maneno ni yako, na hayako matamu.

Nianze na mali, juu mali njo inagombanishaka jamaa kilio ikiisha. Hii parcelle ya Butembo, kiwanja, nyumba na jikoni yake, tuliipata na mama yenu wakati tulikuwa tunaleta samaki ya Kyavinyonge hapa ku soko, yeye na kitunga ku kichwa, miye nikisukuma kinga ya magurudumu mbili, na mvua juu yetu bote babili. Musiiuzishe. Shamba ya ndizi yenye iko nyuma ya nyumba ni ya Christa, hata akiolewa mbali, na mutu asimwambie ati mwanamuke harithiake. Shamba ya Mabalako ni ya Jéthro, siku yenye njia itakuwa salama. Kwa sasa usiende, mwana wangu, juu hakuna kakao yenye inaweza kurudisha mutu mwenye balimukata. Na ile miyenzi ya mupaka na jirani yetu Zorobabel, muiache fasi iko. Miaka kumi na moja sikumusalimia ule muzee juu ya hatua mbili za udongo, na siku balinifunga, ni yeye alinileteaka blanketi ku kasho, hapana damu yangu. Hizo hatua mbili nimemupatia. Mumwambie.

Sasa tuingie mu ile neno. Munajua karatasi yenye komini, serikali yetu ya hapa, ilibandika ku soko mwaka huu: mutu yeyote asitengeneze kasiksi, pombe yetu ya ndizi, mu parcelle yake, asiiweke, asiinywe, hata peke yake, hata na bakwe zake, na batu ba komini baweze kuingia mu nyumba bila kubisha ili batafute. Niliisoma, nikairudia, nikidhani ni macho yangu ndio yamezeeka. Balisema ni juu ya usalama, ati mu hii état de siège, hii serikali ya basoda, batu banalewa na kupiga kelele. Mais bar yenye iko mbele ya biro yao haikufungwa hata siku moja, na ile pombe kali ya mu chupa ndogo ya plastiki, yenye iliua ndugu yangu Siméon, iko inauzishwa ku kila kona. Donc hapana pombe balikataza. Balikataza jikoni yangu.

Na miye nauliza, hii ni serikali ya namna gani? Wakati batu balikuwa banachinjwa kule Mabalako, tulipiga simu, tukapiga tena, bakatuambia njia ni mbaya, mafuta hakuna, mungoje. Njia ya Mabalako haikuonekana. Ya jikoni ya muzee wa miaka makumi munane, hiyo balipata na miguu tu. Bakubwa benye habakuweza kutulinda na panga, sasa banataka kutulinda na kikombe. Bashindwe kabisa.

Musifikiri niko natetea balevi. Siméon nilimukemea, nilimulalisha humu ndani, nililia naye kama mutoto, na nilishindwa, na inaniuma mpaka leo. Ile ilikuwa kazi ya ndugu, na hakuna karatasi yenye ingeifanya pa fasi yangu. Na muangalie Séphora, bibi ya Éliakim. Ni Muprotestanti, na siku ya kwanza tulimupokea, mbele ya bageni bote, alishika kikombe na mikono mbili, akanirudishia, akasema, "Baba, miye hapana kunywa, munisamehe." Nilicheka, nikamutolea maji ya ndizi yenye haijachacha, na tangu siku ile kila mara namuwekea yake pembeni. Alikataa na kinywa yake. Mutu mwenye anakataa na kinywa yake, namuheshimu kuliko kundi ya batu benye banakubali kila kitu.

Basi, Éliakim. Weye mutoto wangu wa kwanza, mwenye alisoma na pesa ya ndizi hizi hizi, ulipata kazi ku ile komini na nilifurahi, siwezi kukataa. Siku ya kwanza ya juma yenye bakwe ba Christa balikuwa banakuya, ulipita hapa kunisalimia, ukatupa macho mu jikoni, ukaona mutumbwi wa kukanyagia ndizi umegeuzwa ku ukuta, mukavu, buibui amejenga ndani. Ukaenda kumwambia mukubwa wako, nyumba ya baba yangu iko safi, tuende muone mufano muzuri. We mutoto wa Munande! Mutumbwi ukiwa mukavu, ndizi ziko wapi? Ziko mu shimo, zimefunikwa na majani na udongo, zinaiva pole pole siku tano, na hakuna mutu anaweza kusikia harufu. Hata mutoto wa miaka sita mu hii kartye anajua. Biro ilikufundisha kusoma karatasi, ikakusahaulisha jikoni yenu.

Siku ya posho, mwisho wa juma ile, saa sita ya mchana, bakwe ba Christa balikuwa bamekaa humu, bametoka Luofu na mbuzi za mahari, kasiksi iko katikati yetu, babu yao ameanza kusema. Mulango ukasukumwa. Hakuna mutu alibisha. Na mbele ya bote ulikuwa weye, na uso ya kucheka.

Niliona ile uso ikianguka. Ningekusamehe hapo hapo, mwana wangu, juu kosa ni kosa, na ulikuya na moyo muzuri. Lakini ule mukubwa alikuangalia, na weye, juu ya kuogopa kile anafikiri, uliinama, ukabeba mutungi wa dada yako, ukamwanga kasiksi ku mulango yangu mbele ya bakwe. Hakuna mutu alikuamuru. Nilimuangalia ule mukubwa, nikangoja aseme. Alikuwa bado anatafuta maneno wakati weye ulishamaliza.

Bakwe balifungua mbuzi zao, bakarudia Luofu, na Christa iko hapa mpaka leo. Miye balinilalisha siku mbili ku kasho, chini, ku simenti yenye maji, na hiki kikohozi nilikipata kule. Ulikuwa ku biro, ukuta moja tu katikati yetu, na haukukuya. Nimekuchukia, Éliakim. Nasema mbele ya ndugu zako juu ni kweli: majuma matatu niko nalala hapa na kukuchukia, na kuchukia mutoto wako ni kazi nzito kuliko kukohoa.

Ngoja... Christa, maji. Kidogo tu. Aksanti, mama.

Sasa kilio yangu. Siku tano zimepita nilimutuma Jéthro aweke ndizi mu shimo. Karatasi iko bado ku soko, najua. Batu batatoka Luofu, batatoka Beni, bakae humu ndani, banywe pole pole, benye bamekosana basemezane mbele ya mwili wangu. Namna hiyo njo tulimuzika baba yangu. Na mu jamaa yetu, ndizi ya kilio ya baba inakanyagwa na mutoto wa kwanza, na miguu yake, hapana mwingine.

Nilikuwa nimepanga kukuamuru. Nilitengeneza maneno mu kichwa: Éliakim atakanyaga, ao hatakuwa na fasi mu nyumba hii, na mutu yeyote mwenye atamupokea humu, laana. Maneno makali, nilikuwa nayapenda. Jana asubuhi nikayasema kwa sauti, niko peke yangu, na nikasikia ni ile karatasi ya komini inasema. Hata ile "mutu yeyote" yao ilikuwa ndani. Niliogopa, batoto bangu. Miye, Kahongya, mwenye nimebatukana batu ba komini mwaka muzima.

Donc sitakuamuru. Nyumba iko na fasi yako kama ya bengine, ukanyage, usikanyage. Ukikanyaga, kazi yako inaweza kuisha, na uko na batoto bane, najua hesabu ya midomo yenye inakungoja. Ukikataa, kataa kama bibi yako, ushike neno na mikono mbili, useme, Baba, miye hapana. Na Jéthro na Christa basikuulize kitu. Kitu moja tu siwezi kusikia: ati balikukataza. Hiyo usiniletee, hata ku kaburi.

Hapana, usijibu. Pumzi... imekuwa fupi. Christa, ule kijana wa Luofu, kama anarudi na unamupenda, umupokee. Kama haumupendi, usimupokee juu ya mbuzi, wala juu yangu. Jéthro, munizike pembeni ya mama yenu, udongo mutupu, simenti nimeichoka. Mungu abachunge mukilala na mukiamuka. Abapatie kinywa ya kusema ndiyo, na kinywa ya kusema hapana, na mulango yenye batu... yenye batu banabisha mbele ya kuingia. Hiyo njo baraka yangu. Sina ingine.

Éliakim, mbona unainama? Sikuoni muzuri... Sogea ku mwanga.

Aa. Unavua viatu.

Basi nawa miguu, mwana wangu. Maji tu... nawa na maji tu. Sabuni hapana. Sabuni inaharibu...