Nilivyopandishwa Mlima Mgongoni Kule Taita

Ndugu zangu, Bwana asifiwe, na mniwie radhi nikishuhudia nimekaa. Goti hili bado halijaniachia.

Mnajua nilikwenda Kenya, milima ya Taita, alikoolewa mjukuu wangu Upendo. Amejifungua mtoto wa kike, na niliahidiwa nitampakata mimi akibatizwa. Kitukuu changu cha kwanza! Binti yangu akataka kunisindikiza toka Lushoto, nikamwambia mimi si gunia la viazi. Nikashuka Mombo peke yangu, nikapanda basi, nikavuka mpaka. Jumapili asubuhi ikabaki pikipiki tu mpaka kanisani.

Dereva, mwanamume mzima na ndevu zake, akaniambia, "Sasa, shosho? Twende?" Shosho ndiyo bibi kwa lugha yao ya mtaani. Shikamoo hakuna. Ndugu zangu, nimelea watoto saba, na hakuna aliyepita mbele yangu bila shikamoo. Nikaapa moyoni sitamjibu mtu huyu neno mpaka nishuke.

Nikakaa upande, miguu pamoja, kama mama mwenye heshima zake. Akasema, "Shosho, kaa kiume, njia ni mbaya." Kimya. Mbele kidogo akasema, "Leso yako inaning'inia, ivute." Leso ndiyo kanga. Nilisikia vizuri, masikio yangu ni mazima. "Shosho, umelala?" Nikatazama migomba.

Kanga ikaingia kwenye mnyororo. Ikanivuta kama mbuzi wa mnadani, nikatua mtaroni, goti kwenye jiwe, nimebaki na gagulo. Dereva akasimama mbele yangu, mikono kichwani. "Kumbe unaongea?" Maana nilikuwa namwita Yesu kwa sauti.

Wakaja wanawake wawili wametoka kuteka maji. Nao shikamoo hawakutoa. Walisema, "Pole, mama, usisimame kwanza." Mmoja akafungua leso yake akanifunga kiunoni, yeye akabaki na sketi. Wakaniosha damu kwa maji waliyoyatoa mbali, mpaka ndoo zikaisha. Mnyororo ulikuwa umekatika. Kengele ya kanisa ikalia kule juu, nami nikalia, wala si kwa goti. Nikawaeleza habari ya mtoto.

Yule mwenye leso akachuchumaa mbele yangu. "Panda."

"Mimi mzito."

"Panda, mama, tunachelewa."

Mimi niliyemkatalia binti yangu, nikapandishwa mlima mgongoni kwa mtu nisiyemjua jina. Mwenzake ananishikilia kwa nyuma, dereva amebeba mkoba wangu, ananisema njia nzima. "Siku nyingine ujibu, shosho, hata kama ni kunitukana."

"Nisamehe, baba," nikamwambia. Ndilo neno la kwanza nililompa, na lilinitoka kwa shida.

Tulifika mchungaji ameshawaita wazazi mbele. Wakanikalisha, wakaniwekea mtoto mikononi. Nilimpakata na tope miguuni, nimevaa leso ya mtu, naye akabatizwa bila kulia.

Ndugu zangu, nilimwomba Mungu anilinde safarini. Akamweka mtu wa kunionya mara mbili, nikamnunia kwa sababu ya salamu. Mtaroni Mungu amenitoa. Kiburi ameanza nacho, hajamaliza. Shikamoo bado nazitaka. Lakini wewe uliyekaa hapo umemnunia mtu anayekusaidia, mjibu leo, usingoje kuanguka. Mtegemee Bwana, na anayekuletea umpokee alivyo. Nakushukuru Yesu kwa mgongo wa yule mama.