Karatasi ya Kabatini

Kwenye treni ya jioni sikuwa nasikiliza. Masikio ndiyo yalisikiliza. Kijana wa siti ya mbele, fundi wa mtandao, alikuwa anamsimulia mama aliyekutana naye humo humo. "Mama, nimeponea chupuchupu! Ruta ya hospitali, kile kifaa kinachogawa mtandao, imeharibika kumbukumbu, imesahau mipangilio yake yote. Maabara haitumi majibu, madaktari wananifokea."

"Ukafanyaje, mwanangu?"

"Fundi mstaafu, tuliyekuwa tunamcheka kwa kunakili kila kitu kwa mkono, alikuwa amebandika karatasi yenye mipangilio hiyo ndani ya mlango wa kabati la ruta. Nikaingiza mstari mmoja mmoja mpaka majibu yakaanza kwenda. Leo nitalala!"

"Afadhali. Na karatasi umeirudisha?"

Kijana akapapasa mfuko wa shati, akaichomoa karatasi. Treni iliposimama akashuka, akavuka reli kwenda kusubiri ya kurudi hospitalini, huku akijicheka.